Mkutano wa Siku ya Bamvua

Jua la Moa halijawahi kuomba kibali cha mtu. Huchomoza upande wa bahari, likawababua watu mpaka jioni, na hakuna aliyewahi kulidai karatasi. Farhana, aliyetaka kulitumia tu, alidaiwa karatasi kumi na nne.

Alikuwa binti pekee wa Mzee Shamsuddin, muuza majenereta wa Tanga mjini, na kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akihangaikia jambo moja: kujenga kiwanda kidogo cha barafu kijijini Moa, kiendeshwe kwa umeme wa jua, ili pweza na samaki wa watu wale wasiharibike kabla ya kufika sokoni. Paneli alishazinunua. Zilikuwa zimelala stoo kwa baba yake, na kila asubuhi mzee akipita kuchukua jenereta la mteja alizigonga kwa kidole akauliza, "Wageni wako wameamkaje?"

Ilikuwepo nafuu moja. Miradi midogo ya nishati safi sasa ilishughulikiwa na ofisi moja tu huko Raskazone, Tanga mjini, badala ya mwombaji kuzungushwa kama tiara. Karatasi zikitimia, kibali kinatoka siku hiyo hiyo. Ila dirisha la ofisi hiyo lilikuwa linafungwa Ijumaa ya wiki hiyo, mpaka mwakani. Na Mzee Shamsuddin naye, asipitwe na serikali, akaweka dirisha lake: Ijumaa ikipita bila kibali, paneli zinakwenda Muheza kwa mkulima wa machungwa anayetafuta umeme wa pampu, na Farhana anarudi kaunta kuuza majenereta.

"Mwaka mzima nimefuga vioo," mzee alisema. "Wa pili sifugi."

Karatasi kumi na tatu zilikuwa tayari. Iliyobaki ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, unaoonyesha kwamba wakazi wenyewe wamekubali kutoa kiwanja. Kupanga siku ya mkutano Farhana alimwachia karani wake, Kristofa, mtoto wa mkulima wa mboga wa Lushoto, mtu makini kiasi cha kupiga pasi soksi. Kristofa alihakikisha siku si Ijumaa, si ya gulio, wala si ya mtihani shuleni. Akauliza hata kama kuna arusi. Ndipo akachagua Jumatano, saa nne asubuhi.

Jumatano saa nne asubuhi uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa na kuku sita. Mwenyekiti alikuwepo, ameketi juu ya jenereta bovu lililoegemezwa ukutani, na wazee watatu mkekani. Basi.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Watu wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Watu wako mwambani. Leo bamvua."

Kristofa akauliza bamvua ni nani. Wazee walimwangalia kwa huruma. Wakamweleza kwamba mwezi ukiandama na ukipevuka, maji hukupwa sana, mwamba wote ukabaki wazi, na hapo ndipo wanawake wa Moa huingia kuchokoa pweza mashimoni, na wanaume nao wana kazi zao za maji hayo hayo. Ni siku chache tu. Mtu wa Moa akikosekana mwambani siku ya bamvua, jirani huja kuuliza kama amefiwa.

"Sasa mbona hukutuambia, Mwenyekiti?" Farhana alisema.

"Barua yenu ilikuja na muhuri, mwanangu. Barua yenye muhuri utaijibu vipi kwamba mwezi haujakubali? Nikasema, labda wa mjini wanajua wanalolijua."

Kristofa alijiinamia pale mkekani, na suruali yake ya pasi. "Kwetu milimani mkutano unaogopa gulio peke yake," alisema. "Sikujua kwamba na mwezi una mamlaka."

Farhana alitaka kulia, kicheko kikawahi. Akavua viatu, akakunja suruali, akaelekea mwambani.

Huko ndiko kijiji kilikokuwa. Wanawake wamejifunga kanga viunoni, wameinama na vijiti vyao, na kiongozi wao, Bi Zuwena, alikuwa na pweza mmoja mkononi aliyekuwa bado anabishana.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Umekuja mkutanoni? Ndio huu."

Farhana akamwomba: maji yakijaa, wakipanda wote, wakae uwanjani saa moja tu. Bi Zuwena alimtazama bila ubaya.

"Tunapanda saa saba. Lakini tukipanda tu tunakimbilia gari la mnunuzi, maana barafu anayo yeye. Pweza ukimweka juani saa moja, mnunuzi anakunja pua, unauza bei ya kutupa. Sasa nani akae kusikiliza habari za barafu huku pweza wake ananuka?"

Farhana alisimama na maji ya magotini, akaona fundo lilivyofungwa. Bila barafu hakuna mkutano, na bila mkutano hakuna barafu. Mtu mmoja tu angeweza kumletea barafu kutoka Tanga kabla ya saa saba, na mtu huyo hakuwa na sababu yoyote ya kumsaidia.

Akapiga simu. "Baba, nataka barafu. Pikapu nzima, Moa, kabla ya saa saba."

"Ya jua au ya dizeli?"

"Yoyote, Baba. Tafadhali."

"Hm," alisema mzee, akakata.

Saa saba kasorobo pikapu iliingia uwanjani, na aliyeshika usukani alikuwa Mzee Shamsuddin mwenyewe, na goti lake bovu. Nyuma, barafu tele chini ya magunia. Wanawake walipanda kutoka baharini, wakawalaza pweza kwenye barafu, na mnunuzi akaachwa na gari lake akipiga honi. Waume zao wakafuata, kwa barafu au kwa ushabiki. Kristofa alihesabu vichwa mara mbili, akatangaza akidi imetimia kwa sauti ya mtu aliyetolewa kifungoni.

Mkutano ukafunguliwa. Farhana hajamaliza hata maelezo, Bi Zuwena akasimama na kunyoosha kidole kwenye kiti cha Mwenyekiti.

"Jenereta hilo tuliuziwa la kusukuma maji ya kisima. Mwaka wa pili likafa. Tukaambiwa spea inakuja. Miaka kumi na saba, tunaingojea. Mwenyekiti kaona apumzishe makalio. Sasa tunaletewa chombo kingine. Hiki nacho kikifa tutakikalia? Vioo havikaliki."

Uwanja mzima ulicheka, isipokuwa watu wawili. Farhana alikuwa amelitambua jina la duka lao ubavuni mwa jenereta, limefifia lakini linasomeka. Mkobani alikuwa na karatasi nzuri ya dhamana ya miaka kumi, na alijua kwamba akiitoa sasa watacheka tena, na watakuwa na haki. Aliona aibu mpaka masikioni.

Mzee Shamsuddin akainuka, ameshikilia mlango wa pikapu.

"Aliyewauzia ni mimi," alisema. "Spea haikukosekana. Nilisahau. Moa ni mbali, na nyie hamkuja dukani kunigombeza, nikasahau kabisa. Nimekosa."

Kwa umri wake wote Farhana hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwa baba yake. Alilipenda kuliko zawadi zote alizowahi kupewa naye.

Bibi mmoja, Kijakazi, akasema toka nyuma, "Basi asisahau tena. Andikeni."

Kristofa akaandika. Kwamba fundi wa mtambo awe mkazi wa Moa, na afundishwe kabla ya mtambo kuwashwa. Kwamba spea zikae kijijini, kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao Bi Zuwena. Na kwamba mkutano wowote wa kijiji, hata uitishwe na nani, usiitishwe siku za bamvua. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, mingine bado ina mchanga, na mmojawapo ulikuwa wa Mzee Shamsuddin.

"Mzee, wewe si mkazi," Mwenyekiti alisema.

"Na hilo nalo nimesahau," alijibu, akaushusha.

Ijumaa asubuhi, Raskazone, Bi Praxeda wa dirisha la vibali alifungua muhtasari, akausogeza mbali na pua.

"Karatasi hii inanuka pweza."

"Walitia sahihi wakitoka baharini."

"Na hili la bamvua?"

"Hilo walilipitisha bila mjadala."

Bi Praxeda alisoma kila ukurasa, bila haraka, akagonga muhuri. Farhana alitoka nje, akampigia baba yake.

"Baba, kimetoka! Mwambie yule wa Muheza atafute kwingine."

"Nilimwambia juzi."

"Basi nakuja tupakie paneli."

"Paneli gani? Ziko njiani toka alfajiri. Saa hizi wanazishusha Moa."

"Lakini Baba, alfajiri kibali kilikuwa hakijatoka!"

"Kilitoka Jumatano," alisema mzee. "Nilikuwepo."

Farhana akaegemea ukuta wa ofisi, akayaacha machozi yatoke.

"Gari likirudi litapakia lile jenereta," mzee akaendelea. "Sitaki kuliona limekaliwa tena."

"Na Mwenyekiti atakaa wapi?"

"Nimempelekea kiti."