Kilo Sitini na Nne

Jumanne saa nne asubuhi Marcelline alikuwa akigeuza kola ya shati lililochakaa, katika duka lake la ushonaji mtaa wa Yeoville, rubani marehemu alipoingia na bawa la kitambaa la ndege yake, lililochanika. Upande wa pili wa bawa aliushika Kyungu, kijana wa Katanga aliyekufa naye. Walinuka petroli. Marcelline alifungua dirisha.

Rubani alikuwa na haraka. Zaidi ya miaka mia iliyopita alikuwa wa kwanza kuruka juu ya kilima cha Observatory, akaangukia ng'ambo yake. Jumamosi hiyo angewekewa kibao cha kumbukumbu palepale, na alitakiwa aruke tena. Aliacha bawa, akaenda kunyoa ndevu.

Kyungu alibaki, akaeleza kazi yake. Ndege ile ilikuwa nzito mbele, kwa hiyo yeye alikalishwa nyuma ili isiiname. Alikaa hivyo safari kumi na tisa. Katika maandishi ya rubani, na sasa kwenye kibao, aliandikwa: mzigo, kilo sitini na nne.

"Mama, uniandikie jina yangu chini ya bawa," alisema. "Batu baangalie juu, basome."

Marcelline alikasirika, tena sana. Kwao Katanga hata mtoto aliyeishi siku moja huliliwa kwa jina lake. Alikata herufi za kitambaa chekundu, kila moja ndefu kama mkono, akazishona mara mbili.

Jumamosi ndege ilizunguka kilima mara mbili, jina likisomeka hata na waliosimama kwenye robot, taa za barabarani. Kisha ikaanguka palepale pa zamani. Watu walipiga makofi, na shada la rubani likawekwa chini ya kibao.

Jumatatu Mayasa, mwanamke wa Tanga anayeuza vitambaa mtaa wa Mayfair, alileta zipu.

"Da Marcelline, hiyo Kyungu ni kampuni ya nini? Simu au bima?"

Mwenye saluni ya jirani alijibu kutoka mlangoni kwamba lazima ni bima, maana ndege ilianguka.

Mchana Kyungu alirudi peke yake, akiburuta bawa lililochanika upya.

"Balisoma, mama?"

"Balisoma, papa. Bote."

"Balisema nini?"

Marcelline alitunga uzi kwenye sindano, akamwomba akivute vizuri kitambaa, kisijikunje.