Mahabusu Waliohesabiwa kwa Hotipoti

Maneno yenyewe niliyasikia siku ya Alhamisi, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kutoka kwa jirani yangu Kokwijuka. Alisema serikali inahesabu watu walioko mahabusu nchi nzima, kila kituo kimepewa idadi yake, na kituo kitakachopungukiwa kitajazia barabarani.

"Kitajazia nini?" nikamuuliza.

"Watoto wetu, Vestina. Ulifikiri watajazia mbuzi?"

Nilicheka, nikabeba unga wangu, nikarudi zangu nyumbani Buganguzi. Lakini neno lile lilinifuata. Nikimenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, lipo. Nikisali rozari, nafika tendo la tatu najikuta nahesabu vijana wa kijiji badala ya Salamu Maria. Mwanangu Derick alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha ufundi Bukoba, ufundi wa umeme, nafasi aliyoingoja miaka miwili. Barua ilisema wazi: aripoti Jumatatu kabla ya saa tisa alasiri, asipofika nafasi yake anapewa anayefuata. Baba yake alishafariki. Barua ile niliiweka ndani ya Biblia, na kila jioni nilikuwa naifungua kuona kama saa tisa bado ni saa tisa.

"Usitoke mpaka Jumatatu," nikamwambia.

"Mama, na godoro nitalinunua lini?"

Jumamosi asubuhi akaenda Kagoma. Godoro akalipata, na ndoo akaipata, akasimama kando ya barabara kusubiri gari la kurudi. Kabla ya saa sita akanipigia dereva mmoja wa bodaboda anayetufahamu. "Mama Derick, mwanao wamemchukua. Wanasema anazurura."

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu naandika. Badala ya kwenda mikono mitupu kama mtu mwenye akili, nilipika. Nilijiambia kwamba kama wanajazia idadi, basi watawapakia kwenye gari na kuwapeleka mbali, na mtoto atashinda njaa. Nikaweka ebitoke na maharage kwenye hotipoti yangu. Samaki nikawaweka kwenye hotipoti ya Kokwijuka, ambayo nilikuwa nimeiazima siku ya Pasaka na sijairudisha. Chai ya maziwa nikaitia kwenye chupa kubwa ya jumuiya yetu, kwa kuwa mimi ndiye mtunza vyombo wa jumuiya. Na mnajua vyombo vyetu vinavyopotea misibani, kila kimoja kina jina. Changu kimeandikwa VESTINA kwa rangi ya kucha. Kile kingine, KOKWIJUKA. Chupa ya chai imeandikwa kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa, JUMUIYA MT. ANNA.

Jina la kituo silitaji. Ni kituo kidogo, kina kaunta, benchi, na chumba kimoja nyuma chenye dirisha la nondo. Kwenye kaunta alikuwepo Koplo Rugemalira.

"Kaboneka waitu," nikamsalimu kwa heshima zote.

Akaitikia, akatazama mzigo wangu. "Mama, umekuja kuona mtu au umekuja kufungua mgahawa?"

"Nimekuja kwa mwanangu Derick. Afande, mzururaji gani anatembea na godoro?"

"Ndiyo maana tumemkamata. Huyo alijiandaa kuzurura muda mrefu."

Akaniambia niviache vyombo juu ya kaunta, atampelekea, na dhamana tutazungumza kesho, kwa kuwa leo wana kazi ya kitaifa. Nikavipanga vitatu kwa mstari, majina yakitazama mbele, nikaondoka. Mlangoni nikapishana na kijana mmoja aliyenyoa vizuri, ana kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi. Baadaye ndipo nilipomjua kuwa ni Mwesiga, karani wa takwimu kutoka Bukoba.

Yaliyofuata humo ndani alinisimulia Koplo mwenyewe. Karani aliomba kitabu cha mahabusu ili anakili majina. Akaambiwa kitabu kimechukuliwa wiki mbili zilizopita, kiko Bukoba kwa ajili ya takwimu. Akaomba kuingia chumba cha nyuma ahesabu vichwa. Harufu ikamrudisha mlangoni. Akasimama anajifuta jasho, na macho yake yakaangukia kaunta, chakula cha mahabusu, kila chombo na jina lake. Akafurahi sana. Akaandika, akabonyeza, akaaga.

Jumapili baada ya misa nikarudi na mdhamini, mwenyekiti wetu wa kitongoji, amevaa koti. Koplo akatusikiliza vizuri, kisha akakuna kichwa.

"Tatizo mama, huyo Derick hayumo."

"Hayumo wapi? Si yule pale dirishani ananipungia mkono?"

"Yule namwona hata mimi. Lakini kwenye hesabu hayumo. Nitampa dhamana vipi mtu ambaye serikali haina habari kama nimemkamata?"

"Kama hujamkamata, mwachie."

"Nikimwachia nitakuwa nimepunguza mtu. Hesabu yangu ni watatu, na kesho saa tatu asubuhi mkaguzi anakuja kuhakiki. Wa kumwonyesha ninaye mmoja tu."

"Hao watatu ni akina nani?"

Akafungua simu yake, akasoma polepole kama anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. "Vestina, jinsia KE. Kokwijuka, jinsia KE. Jumuiya Mt. Anna, jinsia KE, umri haujulikani."

Mwenyekiti akavua koti lake, akalikunja, akaniambia amekumbuka ana ng'ombe hajamnywesha maji.

Nikampigia karani kwa simu ya Koplo. Nikamweleza kila kitu, kwamba Vestina ni mimi na niko nje, Kokwijuka ni jirani yangu na yuko shambani kwake, na Jumuiya ni chupa ya chai.

"Mama, nakuelewa," akasema Mwesiga, sauti laini kabisa. "Lakini nimeshatuma. Imetoka Bukoba, iko Dodoma. Huko hawawezi kupokea kwamba mahabusu amegeuka chupa."

"Na mwanangu?"

"Mwanao anatakiwa kusubiri zoezi lijalo."

"Lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

Nikakaa kwenye benchi. Sikulia, nilikuwa napiga hesabu. Mkaguzi saa tatu. Kutoka pale hadi Bukoba, gari likijaza upesi, ni mwendo wa saa mbili. Saa tisa mlango unafungwa. Nikamwambia Koplo, "Afande, kwa hiyo unahitaji watu watatu chumbani kesho saa tatu?"

"Watatu, na majina haya."

"Akishawahesabu?"

"Akishasaini, ni mali yangu. Nawaachia."

Nikaenda moja kwa moja kwa Kokwijuka. Nilimkuta anaanika kahawa.

"Nikalale mahabusu kwa ajili yako?" akasema. "Mimi mjane wa Rutashobya, mwimba sauti ya kwanza?"

"Si kulala. Ni kuingia asubuhi na kutoka asubuhi. Na hotipoti yako iko huko."

Akageuka. "Hotipoti yangu ipi?"

"Ile ya Pasaka."

"Vestina! Uliniambia imebaki kwa paroko!" Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Nitaingia. Lakini naingia kufuata chombo changu, siingii kwa ajili yako, hilo ulijue."

Jumatatu saa mbili na nusu Koplo akatufungulia kile chumba cha nyuma. Derick akasimama. Alikuwa amekonda kwa siku mbili kama mtu wa mwezi. Akasema, "Mama, na wewe wamekukuta na godoro?" Nikamwambia anyamaze na achane nywele.

Ndipo nikaona hatukuwa peke yetu. Kwenye kona walikaa wanaume wawili, miguu imevimba, wanatazama ndoo ya choo.

"Ninyi ni wa wapi?" nikauliza.

"Kemondo," akajibu mmoja, anaitwa Joackim. "Tulikuwa tunapakua mizigo ziwani, ikasemekana kuna gunia limepungua. Leo ni siku ya kumi na moja."

"Mmehesabiwa?"

"Sisi hatuna mtu wa kutuletea chakula, mama." Akacheka kidogo. "Hatuna hotipoti."

Kokwijuka akaacha kukagua hotipoti yake.

Koplo akachungulia. "Ninyi wawili wa Kemondo, chukueni fyekeo mkafyeke majani huko nyuma. Mnanizidishia." Wakatoka taratibu, mmoja kamshika mwenzake bega.

Mkaguzi akafika na gari jeupe, mwanamama wa makamo, miwani puani, Mwesiga nyuma yake amebeba kishikwambi kama anabeba sadaka. Hakuingia. Alisimama mlangoni na leso puani.

"Vestina."

"Nipo."

"Kokwijuka."

"Nipo. Na mwandike kwamba mfuniko wa hotipoti yangu umepasuka."

"Jumuiya Mt. Anna."

Nilimwona Derick amekodoa macho. Huyu mtoto nilimweleza mara tatu, lakini hofu ilishamwondolea kila kitu. Nikamfinya ubavuni.

"Milele amina!" akaruka.

Mkaguzi akashusha miwani. "Huyu ni KE?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," akasema Mwesiga.

"Ana ndevu."

Mwesiga akatelezesha kidole kwenye kishikwambi, juu, chini, akarudi juu. Uso wake ulikuwa na uchungu wa kweli. "Ndevu hazina safu kwenye fomu, bosi."

Mkaguzi akatutazama watatu kwa muda. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mwanangu kwa nguvu hadi kucha zikaingia. Nilijua akisema neno moja tu, hapa, kwamba huyu siye, basi Bukoba imekwenda, miaka miwili imekwenda. Akatazama saa yake.

"Watatu," akasema. "Kituo hiki kina takwimu safi kuliko vyote nilivyopita." Akasaini.

Saa nne kasorobo tukawa barabarani, Derick na godoro lake, mimi na ndoo. Hati ya kuachiwa ilisomeka Jumuiya Mt. Anna. Derick mwenyewe hana kesi wala hana jalada, maana hakuwahi kukamatwa. Gari lilichelewa kujaza, likasimama Muleba, likasimama Kemondo kupakia dagaa. Tuliingia getini mwa chuo saa nane na dakika arobaini. Mlinzi akauliza mbona kijana ananuka hivi. Nikasema ni dagaa.

Mngedhani yameisha. Mwezi uliofuata nikaletewa barua yenye nembo, naalikwa semina Bukoba. Takwimu zilionyesha wanawake walioko mahabusu katika eneo letu wamepanda kutoka sifuri hadi watatu, na wanaume wameisha kabisa, na wataalamu walitaka kujua kuna nini. Nikakaa ukumbini, nikapewa fulana na soda. Dada mmoja akanishikia kipaza sauti, akaniuliza kwa huruma, "Mama, nini hasa kilikusukuma kwenye uhalifu?"

"Ebitoke," nikasema.

Wakaandika.

Nikataka kuwaambia habari ya wale wa Kemondo, maana bado walikuwa mle ndani. Nikasema wapo wawili ambao hamkuwahesabu. Dada akatazama karatasi zake, akasema kipindi cha maswali ni baada ya chakula. Baada ya chakula watu waliondoka.

Basi nikarudi kwa njia ninayoijua. Nikachukua mabakuli mawili ya plastiki, nikaandika kwa rangi ya kucha, kubwa, JOACKIM, na kwenye la pili jina la mwenzake, Avit. Nikajaza, nikayapanga juu ya kaunta, majina yakitazama mbele. Wakati ule kitabu kilikuwa bado Bukoba, na afisa mwingine alikuwa amekuja kukagua chakula. Akasoma. Akauliza, "Hawa ni akina nani? Kesi yao iko wapi?" Koplo Rugemalira akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. Wiki hiyohiyo wakapelekwa mahakamani, na hakimu alipouliza gunia hilo ni la nani, hakupatikana mwenyewe, wakaachiwa. Walipita nyumbani kunirudishia mabakuli yangu, wameyaosha.

Kokwijuka hajaniazima chombo tangu siku hiyo. Simlaumu.

Kwa hiyo akina mama wenzangu, wenye vijana, ya kuepuka ni haya:

Usimtume mtoto kununua godoro wiki ya takwimu.

Usiandike jina lako kwenye chombo unachopeleka kituoni. Andika la aliyeko ndani.

Usipeleke chombo cha kuazima. Mwenyewe atahesabiwa na wewe utanuniwa.

Usipeleke kabisa chombo cha jumuiya, cha kwaya wala cha kikundi cha kuzikana.

Usimtegemee mdhamini mwenye ng'ombe.

Usiondoke kaunta kabla hujasoma wewe mwenyewe walichoandika, hata wakikwambia ni kazi ya kitaifa.

Usipike chakula cha mtu mmoja. Uliza kwanza mle ndani wako wangapi.