Mshabiki Aliyekatazwa Kuangalia

Jumapili moja ya Novemba, raundi ya tisa na ya mwisho ya mechi ya besiboli ikiwa imeanza na timu yetu, Nyuki wa Boca Honda, ikiwa nyuma kwa pointi nne, Don Evaristo Peguero alishindwa kuzivumilia bia zake, akashuka kwenda msalani. Vyoo vya uwanja wetu viko chini ya jukwaa la kushoto, kati ya muuza ndizi za kukaanga na ngazi iliyovunjika. Alikuwa bado amesimama anasoma maandishi ya ukutani, mengi yakimhusu mama wa mwamuzi, aliposikia jukwaa linatetemeka juu ya kichwa chake. Halafu likatetemeka tena. Alifunga zipu kwa haraka kuliko inavyoshauriwa, akapanda mbiombio. Nyuki walikuwa wamesawazisha.

Alifika kwenye kiti chake wakati mpigaji wetu anauchapa mpira. Mpira ulipaa kuelekea kwenye taa, juu ya ule ukuta wa mwisho ambao ukivukwa tu mechi imekwisha. Don Evaristo aliutazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Mpira ulisimama angani, ukageuka, ukarudi njia ile ile hadi ndani ya glovu ya mrushaji wa wageni, ambaye alikuwa ameshaanza kutoka uwanjani. Mwamuzi alifikiri kidogo, kisha akainua mkono: mpigaji nje.

Watu wa jukwaa la kushoto hawakumwangalia mwamuzi. Walimwangalia Don Evaristo.

"Kompadre," alisema Guelo, mpiga ngoma wa jukwaa, ambaye amekaa naye jirani tangu wote wawili wakiwa na nywele. "Rudi chooni."

"Nimeshamaliza."

"Rudi hivyo hivyo."

Hakubisha. Boca Honda kila mtu anaijua sheria hii: pointi zikiingia wakati umetoka, unatoka tena, uwe nani. Padri wetu aliwahi kukaa raundi tatu kwenye maegesho kwa sababu Nyuki walianza kupiga alipokwenda kufunga vioo vya gari. Don Evaristo akashuka. Hajafika hata kwenye sinki, mpigaji aliyefuata akaupeleka mpira nje ya uwanja, ukaenda kuvunja dirisha la duka la dawa kama inavyotakiwa.

Kwa wengine, sheria ile ni imani tu. Kwa Don Evaristo ilionekana kuwa kweli. Kwenye mechi tatu zilizofuata alijaribu kuchungulia, na kila alipochungulia mipira ya Nyuki ilirudi. Mtangazaji wa redio alizoea upesi. "Unakwenda, unakwenda," alikuwa akisema, "Don Evaristo katazama, unarudi." Ligi ilipitia kanuni zake ikakuta zinataja mikono, miguu, magongo na mate, lakini si macho. Mashabiki wa mahasimu wetu, Nyumbu wa La Ceibita, walimwalika kwao kwa mchuzi wa nyama saba na kiti cha mbele, na walipomkosa wakamtumia miwani mipya.

Kufumba macho hakukusaidia. Gongo likilia, kope zake zilifunguka zenyewe, kama za mama aliyesikia mtoto kakohoa. Mpwa wake alimletea video ya mechi ambayo Nyuki walikuwa wameshinda wiki iliyopita, akidhani hiyo haina madhara. Don Evaristo aliitazama hadi mwisho, Nyuki wakafungwa, na asubuhi yake msimamo wa ligi ukasahihishwa. Kuanzia hapo hakugusa video.

Kilichomuumiza si aibu. Alikuwa amewapenda Nyuki tangu mama yake alipombeba begani kwenda kuwatazama. Sasa, jioni moja, akiwa nyuma ya kaunta ya duka lake anapimia watu mchele, ilimjia kwamba Nyuki wamekuwa mabingwa mara moja tu katika maisha yake yote, na mwaka huo yeye alikuwa amelazwa hospitali kwa ngiri. Aliweka kipimo chini. Akalia mbele ya wateja, bila kujificha.

"Kwa hiyo ubingwa tuliletewa na ngiri," alisema mkewe, Doña Nereida, akimalizia kupima ule mchele.

"Nereida, usinitanie leo."

"Sikutanii, mzee wangu. Nawaza tu kama inaweza kurudi."

Akaamua kutoangalia tena. Alinunua tiketi kama kawaida, akaingia na redio yake ndogo, akakaa chooni tangu raundi ya kwanza hadi ya tisa juu ya ndoo iliyogeuzwa, huku Nyuki wakishinda juu yake. Doña Nereida alimuuliza kwa nini asisikilize redio hiyo hiyo nyumbani, ambako choo ni kisafi.

"Nyumbani nasikiliza," alijibu. "Kule nipo."

Watu wakaanza kushuka kumshika bega kabla ya mechi ili wapate bahati. Mwenye timu, Don Leopoldo Arvelo, ambaye ana macho makali kwa mambo ya aina hiyo, aliona foleni. Kabla ya Krismasi vyoo vile vilikuwa na jina la kampuni ya simu, kapeti jekundu mlangoni na tiketi yake ya pekee, ghali kuliko ya jukwaani. Don Evaristo alilalamika njia nzima hadi dirisha la tiketi, akailipia. Ndoo ilibaki ile ile.

Nyuki walifika fainali. Walikutana na Nyumbu, mechi saba, wa kwanza kushinda nne ndiye bingwa, na baada ya mechi tano sisi tulikuwa na tatu. Siku ya mechi ya sita Don Evaristo alikuta mlango wa vyoo umefungwa kwa mnyororo na kibao kinachosema matengenezo. Alizunguka uwanja mzima na redio yake akitafuta pa kujificha, na kila alikopita uwanja ulikuwa mbele ya macho yake. Tulifungwa. Hakuna aliyeshangaa kwamba tiketi za mechi ya saba zilikuwa zikiuzwa barabarani tangu asubuhi ya siku hiyo, kwa bei mara mbili.

Asubuhi ya mechi ya saba Don Leopoldo mwenyewe alikuja dukani, akanunua sigara asiyovuta.

"Don Evaristo, umetuvumilia sana. Leo nataka ukae mbele yangu, safu ya kwanza, nyuma kabisa ya mpigaji. Kiti cha ngozi. Bure."

"Unajua nikiangalia inakuwaje."

"Hizo ni imani za watu. Wewe ni binadamu, una haki ya kuona timu yako inacheza fainali."

Alipoondoka, Doña Nereida alifuta kaunta mahali alipokuwa ameegemea.

"Oktoba huyu bwana alisema nini redioni?"

Don Evaristo alikumbuka, kama sote tulivyokumbuka. Oktoba, wakati hakuna aliyedhani Nyuki watafika popote, Don Leopoldo alikuwa ametangaza kwamba wakiwa mabingwa, kila mchezaji atalipwa mshahara mara mbili. Tiketi za mechi ya saba alikuwa ameshaziuza zote. Sasa kilichobaki kumgharimu ni ushindi.

"Usiende," alisema Guelo, aliyekuwa amekaa kwenye kreti la bia. "Kaa hapa. Tutakusimulia."

"Vyoo vimefungwa, tiketi zimekwisha, na hiki ndicho kiti pekee nilichopewa. Timu yangu inacheza fainali, Guelo. Nife niko hapa dukani, napima mchele?"

"Ukiangalia, utakufa tukiwa tumefungwa."

"Nataka kuwaona," alisema Don Evaristo. "Mara moja tu. Nataka kuwaona wakishinda. Hiyo tu ndiyo shida yangu duniani."

Akaenda. Kiti kilikuwa cha ngozi kweli, kimefungwa kwa skrubu kwenye saruji kikiangalia uwanja. Don Evaristo alishuka ngazi akivikodolea macho viatu vyake, akakifikia kwa kupapasa, akapanda juu yake kwa magoti, akaweka viwiko kwenye egemeo na mgongo wake akaupa uwanja. Mbele yake, karibu kiasi cha kusikia harufu ya manukato, alikaa Don Leopoldo na miwani yake mikubwa.

"Don Evaristo, uwanja uko huku."

"Najua uliko, Don Leopoldo."

Hivyo ndivyo fainali ilivyochezwa. Don Evaristo, kwa magoti ya mzee, alitazama uso wa mwenye timu, na juu yake, safu kwa safu hadi kwenye paa, nyuso za Boca Honda nzima. Haikumchukua muda kuzisoma. Videvu vikiinuka taratibu, mpira uko juu. Mikono ikienda vichwani, umedakwa. Nyumbu walipopata pointi, jukwaa zima lilinywea, na Don Leopoldo akala zeituni. Nyuki walipopata, jukwaa lilipasuka, na Don Leopoldo akaacha kutafuna. Kati ya watu wote uwanjani, Don Evaristo peke yake ndiye aliyekuwa anaona hilo, kwa sababu wengine wote walikuwa wanaangalia mchezo.

Raundi ya tisa, zamu yetu ya mwisho, tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Wawili wetu walikuwa wameshatolewa, akitolewa wa tatu mechi imekwisha, na mmoja anasubiri kituo cha pili, kwa hiyo mpira ukivuka ukuta zinaingia pointi mbili. Akaingia kupiga Robelín, kijana wa mtaa wetu, aliyekuwa akija dukani kwa Don Evaristo kununua barafu na kuitafuna njiani. Ilikuwa zamu yake sasa, au basi.

Don Leopoldo aliinama mbele.

"Ni Robelín. Geuka, mzee. Utajuta maisha yako yote."

Gongo likalia. Don Evaristo aliijua sauti ile. Ni sauti ya mpira uliopigwa katikati kabisa, na shingo yake ikaanza kugeuka bila kumwomba ruhusa. Aliuma ngozi ya egemeo kwa meno. Shingo ikasimama. Lakini Don Leopoldo alikuwa amezidi kumsogelea, na kwenye miwani yake, katika vioo vyote viwili, Don Evaristo aliuona mpira, mdogo kama punje, ukipanda chini ya taa. Alikuwa hajaona kitu kizuri kama kile.

Mpira ukasimama. Jukwaa zima likanyamaza na videvu juu. Guelo, kule safu ya mwisho, akaacha kupiga ngoma.

Don Evaristo akanyoosha mikono, akaivua miwani ya mwenye timu kwa adabu, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati la Don Leopoldo na kuupigapiga mfuko. Mpira ukaendelea na safari yake.

Hakuuona ulipoanguka. Aliona nyuso. Aliona padri anambusu mtu asiyemjua, aliona muuza ndizi anarusha ndizi zake hewani pamoja na mafuta, aliona Guelo anabubujikwa na machozi na kupiga ngoma kwa kiganja kwa sababu fimbo ameitupa. Boca Honda nzima ilikuwa imefunguka mbele yake kama mlango, na yeye peke yake ndiye aliyekaa upande wa kuiona. Alilia kwa furaha mpaka magoti yakaacha kuuma. Don Leopoldo aliangalia huku na huku akiuliza nani kashinda.

Wachezaji hawakulipwa mshahara mara mbili. Ilielezwa kwamba redioni mtu huongea tu. Robelín aliuzwa kaskazini kabla ya Februari kwa fedha ambazo magazeti yalizichapa kwa herufi kubwa, na warushaji wawili wakaenda kwa Nyumbu. Tiketi zikapanda. Guelo, baada ya maisha yake yote jukwaani, alibebwa na bei hadi kwenye kreti la bia dukani, ambako sasa anapiga ngoma yake mbele ya redio.

Oktoba iliyofuata uwanja ulitangaza viti vipya, safu ya kwanza, vimefungwa kuangalia nyuma, kwa mashabiki wanaopenda kuona nyuso. Ndivyo vilivyokuwa ghali kuliko vyote. Don Evaristo alitukana kuanzia dukani hadi dirisha la tiketi, akamtaja Don Leopoldo na wote waliomzaa, akanunua viwili. Doña Nereida, ambaye hajawahi kuelewa besiboli, alikubali kwenda kwa sharti kwamba yeye ageuke kitini aangalie uwanja.

Safu alizozisoma siku ya fainali zilikuwa zimeondolewa. Mahali pake palisimama tangazo la benki, refu hadi paani, lenye uso wa mtu mmoja anayetabasamu. Watu walisogezwa pembeni, ambako Don Evaristo aliweza kuwasikia tu.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Mmoja anakimbia," alisema Doña Nereida. "Mwingine kalala chini."

"Wetu?"

"Sijui. Wote wana matope."

Kutoka pembeni kelele zilianza, zikakua, zikawa kubwa hadi kiti kikatetemeka. Don Evaristo, uso wake kwa uso wa mtu wa benki, hakujua ni kelele za nani. Akainua mikono yote miwili akashangilia.