Tatu ya Simioni

Mwaka 1954 Mzungu aitwaye Irakli alifika Nyamwaga na daftari, akiongozana na Werema, karani wa baraza la chifu. Alitaka watu wamhesabie kwa Kikurya, moja mpaka kumi. Mogesi hakumwamini tangu aliposhuka garini. Mzungu gani anasafiri kote huko kuja kusikiliza watu wakihesabu?

Woga wake ulikuwa na sababu. Majirani walidhani mumewe, Simioni, ni Mkurya wa ng'ambo ya mpaka. Kumbe alikuwa Mkikuyu, na mwaka ule, kwa sababu ya uasi wa kwao, Wakikuyu walikuwa wakisakwa na kurudishwa Kenya.

Uani kwa Mogesi, Irakli alieleza kazi yake kwa upole. "Kwetu, kwenye milima ya Kaukazi, mtu tunamwita katsi. Jirani zetu Wamegreli husema kochi. Ts yetu kwao ni ch. Hata hapa, Waswahili wanasema tatu, nyinyi mnasema isato. Ukizifuata sauti, unajua nani ni ndugu wa nani."

"Na nani katoka wapi," Werema akadakia, macho yake kwa Simioni aliyekuwa akiingia uani na jembe begani.

Mogesi akawahi. "Nitahesabu mimi. Baba Nyangi amechoka."

"Kuhesabu hakumchoshi mwanamume," alisema Werema. "Haya, Simioni."

Simioni alihesabu taratibu. Emwe. Ibere. Kisha ulimi ukateleza, kikatoka Kikikuyu: "Ithatu."

Kalamu ya Irakli ikasimama. Halafu Mzungu akaandika, huku akitamka kwa sauti: "Isato."

"Mimi nimesikia jingine," alisema Werema.

"Masikio ndiyo kazi yangu, karani. Ni isato."

Wakati wa kuagana, Irakli alimshika Mogesi mkono, akanong'ona: "Mama, msikae hapa."

Mogesi hakujua kama neno lile ni la rafiki au la mwindaji anayemtoa swala kichakani. Hata hivyo walifunga mizigo jioni ile ile, wakamchukua mtoto wao Nyangi, wakashika njia ya Nata kwa dada yake Mogesi. Siku ya tatu askari walifika Nyamwaga, wakakuta nyumba tupu.

Simioni alizeekea Nata, na kila alipomkumbuka yule Mzungu alimwombea heri. Mogesi hakuitikia amina.

"Nani aliwaambia askari?" aliuliza. "Werema alisikia, sawa. Lakini na yeye alisikia."