Mgonjwa Mchangamfu

Kano ya goti langu ilipochanika, wa kwanza kunifikia alikuwa Mama Masele, mwenyekiti wa kamati ya akina mama. Alinikuta nimelala katikati ya uwanja, rungu la kriketi bado mkononi.

"Tabasamu, mwanangu," akasema. "Ukinuna, maumivu yanapata pa kukaa."

Nikatabasamu. Kama kuna mtu aliyewahi kuonyesha meno yote kwa hasira, ni mimi siku ile.

Ili mnielewe, mimi hapa kisiwani Savaii si wa kijiji hiki, nimeolewa tu. Na mke aliyetoka kijiji kingine huamka wa kwanza, hupika majimbi, hufua, na hunyamaza. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililikuta mlangoni. Hata jina sikuwa nalo, niliitwa mke wa Vaitoa. Lakini jioni nikishika lile rungu la pembe tatu, ambalo mpira ukiligusa hata mpigaji hajui unakwenda wapi, uwanja mzima uliita "Apaula!" Mpaka mama mkwe aliita. Nilichotaka ni kurudi pale nikaitwe tena.

Daktari aliniambia nipumzishe mguu, halafu nifanye mazoezi polepole. Majirani waliniambia nifurahi. Walikuja kwa makundi kunitia moyo, wakala, wakaondoka wametiwa moyo wao. Nikajifunza upesi kwamba mgonjwa anayelia ni usumbufu, maana itabidi mtu amchotee maji. Mgonjwa anayecheka husogezewa beseni la majimbi ayamenye akiwa ameketi. Basi nikacheka, nikamenya.

"Mke wangu hana neno," Vaitoa akawa anawaambia watu kwa fahari. "Goti ndilo linaloumwa, yeye mzima."

Nafasi yangu ilichukuliwa na wifi yangu, Leutu. Mwanzoni alikuwa hawezi kupiga hata chungwa lililolala chini. Kila jioni alikuja kwenye mkeka wangu na rungu.

"Wifi, nishike wapi?"

"Shusha mkono kidogo. Na usifumbe macho."

"Nisipofumba nauona mpira unakuja."

"Ndiyo kazi ya macho hiyo, wifi."

Nilimfundisha kwa moyo mweupe. Nilidhani ananishikia nafasi.

Kisha kamati ikanipa filimbi. Kila timu ya kwetu ina mtu wa pembeni wa kuongoza nyimbo na kuwarushia wapinzani vijembe, na wetu alikuwa amehamia kwa mwanawe Auckland. "Nani mwingine mwenye moyo mkunjufu kama wako?" akauliza Mama Masele. Nikakubali. Sumu yote niliyoimeza nyumbani niliitema pale, mguu umenyooshwa, nimeufunika kitambaa kwa heshima, maana kwetu mtu haelekezewi mguu ulio wazi.

"Dada, huo mpira unaurusha au unausindikiza?" nilimwuliza mrushaji wa kijiji jirani, na mikono yake ikaishiwa nguvu kwa kicheko. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi niliposifiwa, tembo langu lilizidi ukali. Watu walianza kuja uwanjani kunisikiliza mimi.

Asubuhi nilikwenda peke yangu baharini, nikatembea ndani ya maji yaliyonifika kiunoni, ndiyo mazoezi aliyoagiza daktari. Huko nililia nilivyotaka. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa nisipopona nitabaki wa majimbi tu mpaka nizikwe.

Nikapona. Daktari alilikunja goti, akalikunjua, akasema nikacheze.

Siku ya fainali nilifika uwanjani kitambaa nimekifunga vizuri kiunoni.

"Mama, nimeruhusiwa. Leo napiga."

Mama Masele alifurahi, kisha akafikiri. "Mungu ni mwema. Sasa filimbi atapuliza nani?"

"Leutu."

"Mimi, wifi?" Leutu akashtuka. "Mimi sina maneno. Maneno ni yako."

"Na rungu je?"

"Rungu umenifundisha wewe," akasema, akinishika mkono kwa upendo wa kweli. Hapo ndipo ubaya ulipokuwa: hakuwa na hila hata chembe.

"Wapigaji tunao, mwanangu," akamaliza Mama Masele. "Mtu wa kuumia akacheka, tutampata wapi mwingine?"

Nikalia. Mbele ya vijiji viwili, kwa sauti, machozi mpaka kwenye kidevu.

"Ni goti," mtu akanong'ona. "Kumbe bado linamuuma, maskini. Alikuwa anajikaza tu."

"Goti ni zima," nikasema. Nikasimama kwa mguu mmoja, ule ule uliokuwa umeumia, nikaruka juu, huku nalia.

"Jamani, anavyojitahidi," wakasema akina mama, na wengine wakaanza kufuta macho.

Walileta mkeka. Walinikalisha, wakanipepea, wakaninywesha dafu. Mama mkwe mwenyewe aliniwekea mto mgongoni. Vaitoa alikuja mbio na mafuta ya nazi, akapiga magoti mbele yangu mchana kweupe, akaanza kulikanda goti lenyewe polepole kama yai.

"Jipe moyo, mke wangu," akasema.

Uwanjani walishaanza kuliita jina la Leutu. Nikamwacha mume wangu aendelee kukanda, maana goti lilipokuwa bovu hakuligusa hata mara moja.