Wifi na Kikombe cha Mnanaa

Saa kumi na moja jioni, Jumamosi, mfamasia alikata matawi ya mnanaa kwenye kopo la dirishani na kuyaosha mara mbili. Sebuleni wifi yake alikuwa amekaa kwenye ncha ya kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Mkao huo ulimkera mfamasia kuliko maneno. Tangu aolewe, dada mkubwa wa mumewe hakuwahi kulala kwake hata usiku mmoja. Kila mara alikuja, akasalimia, akanywa maji, akaaga na kurudi nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara. Ugomvi haukuwepo, na ndiyo maana haukuweza kusuluhishwa.

Lakini mchana huo, wakati wa kula, wifi alitaja kinywaji alichokijua tangu aliposomea upimaji wa ardhi nchi za mbali: bourbon, ile wiski ya mahindi, pamoja na mnanaa, sukari na barafu iliyopondwa.

"Ila hakitengenezeki nyumbani," alisema.

"Kikitengenezeka?" mfamasia aliuliza.

"Nitalala hapa."

Mume alishatoka kwenda kununua chupa kabla hawajamaliza kupeana mikono. Alikuwa fundi wa lifti. Dada yake alimwita Bisibisi, kwa kuwa tangu utotoni hakuna kitu kizima alichokikuta akakiacha kizima.

Jiko la mfamasia lilikuwa na sheria moja aliyoitoa kazini: asiyehusika haingii. Ukutani kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kila kitu kilitokea hapo kikiwa kimefunikwa, kama dawa. Wifi alipokuja mara ya kwanza na kukunja mikono ya blauzi ili aoshe vyombo, aliambiwa, "La, wifi, wewe kaa tu, ni mgeni." Mfamasia alidhani hiyo ni heshima.

Alichukua kinu kidogo cha kaure, akatia majani na sukari, akasaga kama alivyofundishwa kusaga vidonge, mpaka isibaki punje. Akapima bourbon, akaongeza barafu, akapitisha glasi mbili kwenye kidirisha. Kinywaji kilikuwa kijani kama geti lililopakwa rangi juzi.

Wifi alionja. Uso ukamkunjamana.

"Wifi yangu, hii natumia mara ngapi kwa siku?"

"Unasemaje?"

"Nauliza, kabla ya chakula au baada?"

Mume alionja yake, akaiweka mezani polepole. "Dada, usimcheke mke wangu. Mimi nimeshapona, na sikuwa naumwa."

Mfamasia alionja iliyobaki. Ilikuwa chungu kama shubiri. Alichuma jani moja, akalitafuna bila haraka. Mwanzoni lilitoa harufu na ubaridi. Alipoendelea kulisaga kwa meno, uchungu ukaja. Basi. Harufu ilikuwa juu ya jani, uchungu ulikuwa ndani yake, na kinu kilikuwa kimeufukua wote.

Safari hii aliyeyusha sukari kwa maji moto, akaiacha ipoe. Majani aliyaweka mazima kwenye vikombe vya chuma na kuyakandamiza kwa mgongo wa kijiko, kwa mkono mwepesi, yasichanike. Bourbon ilibaki kipimo kile kile. Ilibaki barafu, na ilitakiwa isagike iwe kama chumvi ya mawe. Alitia vipande ndani ya foronya safi, akaomba nyundo.

"Chukua kwenye boksi," mume, aliyekuwa ameingia bila kuitwa, alijibu kutoka chini, nyuma yake.

Mfamasia aligeuka. Bisibisi alikuwa amepiga magoti, amekumbatia mlango wa friji. Bawaba zilikuwa sakafuni.

"Umefanya nini?"

"Ulikuwa unalia kila ukifunguliwa. Nikasema niutie mafuta kidogo."

"Leo? Sasa hivi?"

"Usinisemeshe, mama, nikiuachia huu utavunjika."

Ndani ya friji trei ya barafu ilishaanza kutoa jasho. Mfamasia alipiga nyundo. Foronya ikateleza, vipande vikamwagika hadi chini ya meza. Mkono mmoja ulihitajika kupiga, miwili kushika foronya, na mwingine kujaza vikombe. Alikuwa na miwili tu, na ya mume ilikuwa imeshika mlango.

"Wifi!"

"Abee?"

"Njoo huku, barafu inakwisha!"

"Huko jikoni? Mimi?"

"Wewe, ndiyo! Acha mkoba, njoo unishikie!"

Wifi aliingia mbio, mikono ya blauzi imekunjwa tayari. Hakushika foronya. Alimnyang'anya nyundo.

"Shika wewe. Mimi nimepigilia vigingi vya mipaka nusu ya nchi hii."

"Usinivunje vidole!"

"Basi viondoe. Hata kutunza vidole vyako mpaka nikufundishe?"

Barafu ilisagika. Walijaza vikombe mpaka juu, wakamimina, wakakoroga, wakachomeka tawi la mnanaa kila kimoja. Chuma kiliganda ukungu mweupe kwa nje. Wifi alikunywa pua yake ikiwa katikati ya majani. Alifumba macho, akameza, akanywa tena.

"Hii ndiyo," alisema.

"Nimeshinda?"

"Sukari imezidi kidogo."

"Wifi, nimeshinda au sijashinda?"

"Sasa wewe, mtu nivunje barafu jikoni kwenu, mikono imekufa ganzi, halafu nikalale kwa watu nisiowajua? Usingizi wenyewe utanishangaa."

Mfamasia alicheka mpaka akakaa chini, kwenye maji ya barafu. Hakuinuka upesi.

"Jamani, na mimi nipeni," mume alisema, bado amekumbatia mlango. Dada yake alimnywesha kwa kikombe chake, kama mtoto, kisha akatoa simu mfukoni.

"Mapokezi? Ile nafasi yangu mpeni mtu mwingine... Hapana, chumba hakina kasoro. Leo nalala kwa mdogo wangu."

Alikata simu, akachukua nyundo, akamwambia mfamasia ashike foronya.