Ncha ya Pini

Ijumaa jioni, Hans alifika Lemara kwa mzee Sifael akiwa amebeba amplifaya ya kwaya ya kanisa kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nyuma yake alikuja Kaanaeli, mwenyekiti wa kwaya, akihema.

“Shikamoo, baba,” Hans alisema kabla hata ya kutua mzigo.

“Marahaba. Weka hapo mezani.”

Sifael hakumtazama usoni. Kwa miezi minane sasa hakupenda kumtazama usoni, tangu huyu mwalimu kijana ahamie kutoka Machame na kupewa gita la solo. Kiti cha solo Sifael alikikalia miaka ishirini na sita. Hakuna aliyemfukuza. Kaanaeli alimwambia kwa upole, “Pumzika kidogo, mzee wetu,” kisha Hans akapiga wimbo wa kwanza na wanakwaya wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyomkwama kooni, maana yalikuwa ya kweli.

“Ukichomeka gita, kimya,” Kaanaeli alieleza. “Hili tundu la jeki linacheza kama jino bovu. Hans alijikwaa kwenye waya Jumanne baada ya mazoezi. Kasema mwenyewe jana mbele ya wanakwaya, wewe hukuwepo, akaomba radhi. Na kanuni yetu unaijua, Baba Brightness. Anayeharibu chombo anakaa benchi la nyuma Jumapili tatu.”

“Hata Jumapili hii ya mavuno?”

“Hata ya mavuno. Kwa hiyo solo utapiga wewe. Itengeneze tu.”

Hans alikuwa anawatazama kuku wakiparua chini ya migomba.

Walipoondoka, Sifael aliingia jikoni akipiga mluzi. Mkewe, Ndeshi, aligeuka na mwiko mkononi.

“Makubwa! Mluzi huo niliusikia mara ya mwisho Brightness alipofaulu darasa la saba.”

“Jumapili napiga mimi. Wajukuu wakija kutoka Dodoma watamkuta babu yao mbele.”

“Na Hans?”

“Benchi.”

“Maskini. Juzi kwenye mvua alinipa mwavuli wake, yeye akalowa mpaka soksi.”

“Kila mtu ana mwavuli, mama.”

“Ndiyo. Ila si kila mtu anautoa.” Ndeshi akarudi kwenye sufuria yake.

Asubuhi ya Jumamosi Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni. Sifael alisogeza meza yake ya ufundi karibu na dirisha, akachomoa waya wa umeme wa amplifaya na kuiacha itulie, kwa kuwa kifaa kama hicho hutunza umeme tumboni hata kikizimwa. Kisha akang'oa vitufe vya sauti, akafungua nati moja moja, akaitoa bodi ya saketi taratibu.

Ugonjwa ulionekana mara moja. Jeki ilikuwa ya plastiki, miguu yake imechomelewa kwenye bodi, na plastiki ilikuwa imepasuka ubavuni. Mguu mmoja ulikuwa umeinua kipande cha shaba, chembamba kama ganda la kitunguu.

“Kujikwaa gani huku?” alinong'ona, huku akifurahi moyoni. “Kijana mzima hajui hata kutembea.”

Alipasha moto chuma cha kuchomelea, akaongeza risasi mpya ya kuchomelea kidogo juu ya ile ya zamani ili iyeyuke kwa urahisi, akainyonya kwa pampu yake ndogo. Mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuvuta kwa nguvu. Jeki ilipolegea yenyewe aliishika, akaigeuza chini, akaigonga mezani.

Kitu kidogo kikadondoka, kikabingirika mpaka kwenye bisibisi.

Ilikuwa ncha ya pini, ile ya mwisho wa waya wa gita. Ilikuwa na rangi ya dhahabu.

Sifael alikaa akiitazama. Katika kwaya ile nyaya zote zilikuwa na pini za rangi ya fedha, isipokuwa moja. Aliinuka polepole, akafungua mkoba wa gita lake, akautoa waya aliouvingirisha Jumanne bila kuutazama. Pini yake ya dhahabu ilikuwa imekatika ncha. Akaviunganisha vile vipande viwili. Vilikaa sawasawa.

Akakumbuka. Jumanne Hans aliuazima waya ule kwake, akapiga, makofi yakalia tena. Watu walipotoka, Sifael alibaki ukumbini peke yake akiwa na hasira zake. Hakuchomoa waya kwa kushika pini, kama alivyowafundisha wengine miaka yote. Aliushika katikati, akauvuta kwa upande, kama anayeng'oa magugu. Ukasema tak. Akadhani ni sakafu.

Peke yake? Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi.

Kopo la skrubu mbovu lilikuwa pale pale mezani. Ncha ile ingezama humo, na kesho angekaa mbele, wajukuu wakimwona. Mkono wake ulifika mpaka juu ya kopo. Ukakaa hapo muda mrefu.

Akairudisha ncha mezani, akaendelea na kazi. Alichomelea jeki mpya, na pale shaba ilipoinuka akaunga kijiwaya kifupi mpaka kwenye njia iliyo nzima. Akaikaza nati vizuri kwenye bati la nje la amplifaya, ili siku nyingine mtu akivuta, nguvu ziende kwenye bati na si kwenye bodi.

Saa kumi Hans alikuja kuichukua. Walichomeka gita, sauti ikatoka safi, bila mkwaruzo.

“Aisee, baba! Kama mpya.”

Sifael alifungua kiganja. “Uliniona?”

Hans aliitazama ncha ile, akainamisha kichwa. “Nilikuwa nimerudi kuchukua koti.”

“Kwa nini ukasema ni wewe?”

“Mama Brightness alituambia wajukuu wanakuja. Nikaona, babu wa watu akae benchi siku kama hiyo? Mimi sina mgeni.”

Sifael alihisi wivu ukimpanda upya, mkali kuliko wa gita. Huyu kijana amemzidi vidole, sasa amemzidi na wema! Gita angeweza kusema ni ujana. Hili angesema ni nini?

“Beba amplifaya,” alisema kwa ukali. “Twende kwa Kaanaeli.”

“Baba, si lazima…”

“Hutanipiku kwa hili pia. Beba!”

Jumapili kanisa lilijaa ndizi, mahindi na kuku waliofungwa miguu. Sifael alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, wajukuu wawili wamembana huku na huku.

“Babu, mbona hupigi?”

“Nilivunja kitu cha kwaya.”

“Ulipigwa?”

“Hapana, nimewekwa benchi. Bado Jumapili mbili.”

Mbele kule Hans alichomeka waya kwa kushika pini, akaupitisha kwenye kishikio cha amplifaya usivutike. Akaanza. Vidole vya Sifael vikatembea juu ya goti lake, na moyo bado ukamchoma.

“Anaharakisha,” alimnong'oneza Ndeshi.

“Ndiyo, mume wangu.”

Alisikiliza tena, shingo ameinyoosha.

“Lakini jeki imekaa.”

Ndeshi akamshika ule mkono uliokuwa unatembea gotini.